Petroli ya Ndege ya Ngezi

Kwa miaka mitatu mizima niliamini kwamba pale Ngezi, katika nyumba ya mabati isiyozidi vyumba vitatu, mzee mmoja ameficha ndege ya kijeshi. Si picha ya ndege. Ndege yenyewe, imefunguliwa vipande vipande, mabawa chini ya kitanda, injini ndani ya malle mbili, masanduku makubwa ya chuma. Dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyenihakikishia aliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mzee mwenyewe, na mimi, niliyepata diplome yangu katika masomo ya jioni huku darasa zima likikoroma, nitakataaje ushahidi mzito namna hiyo? Mzee huyo tumemzika Jumanne. Wasomaji wangu, mnisamehe, inabidi nikiri.

Kosa lilianzia kwenye neno moja. Kwamba alitumikia jeshi la anga, hilo lilijulikana. Hata sokoni alitembea kama mtu anayekaguliwa. Naye alipenda kusema, “Aparei yangu ya jeshi iko mu malle.” Sasa hapa kwetu aparei ni mashine yoyote: ya kupiga picha, ya kupima presha, hata redio. Lakini askari wa anga akisema aparei, nani atafikiria presha, asifikirie ndege? Basi nikafunga safari kutoka kwetu Shari na bidoni ya manjano, lita tano za petroli, nijiwekee kiti ndani ya ndege kabla mji mzima haujaamka. Barabara zetu mnazijua.

Nilimwomba kwa heshima anionyeshe aparei. Akasema kwa masikitiko kwamba siku hizi haifanyi kazi, ribani yake imekauka na nyingine haipatikani tena. Nikatikisa kichwa kama fundi wa injini. Nikamwuliza kama petroli ingesaidia. Akafungua daftari kubwa, akaandika mstari mmoja kwa mwandiko ulionyooka, akanipa nitie sahihi. Nilimwachia bidoni, nikarudi Shari nikijihesabu abiria.

Siku ya kilio mvua ilitunyeshea kama tuna deni nayo, wageni wakakosa pa kukaa. Ikaamuliwa kwamba kile chumba ambacho marehemu alikiita mize, yaani makumbusho, kitolewe vitu, na kwa kuwa kuni zilikuwa zimelowa, karatasi zake ziwashie moto wa chai. Mjane alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili, kama mtu anayezuia ng'ombe. Aliponiona tu akasema, “Weye unaandikaka mu gazeti. Baambie hizi karatasi ni za nini, basichome.”

Nikapanda juu ya kiti, nikawatangazia waombolezaji kwamba ndani ya zile malle mna ndege.

Zilifunguliwa mbele ya watu elfu moja, tuseme arobaini. Mlikuwa na mashine ya kuandika iliyopoteza herufi moja, na ribani yake ya wino imekauka kweli. Mlikuwa na mihuri minne, fomu ya kuombea fagio katika nakala tatu, na madaftari, madaftari, madaftari. Kila kitu kimefungiwa kikaratasi chenye namba. Jirani mmoja aliyejiteua mkuu wa moto akanipiga bega: “Ndege yako iko kidogo sana, muandishi.” Watu wakacheka mpaka kilio kikasahaulika. Jirani huyo akachukua daftari la juu, akalifungua ili achane kurasa vizuri, na hapo mkono wake ukasimama.

Ulikuwa ukurasa wa abiria. Jina, kijiji, mzigo: godoro moja, saa ya kupanda, na mwishoni sahihi iliyokwenda upande kama kuku mwenye mguu mbovu. Baba yake jirani huyo alipelekwa Kisangani kutibiwa, kwa ndege ya jeshi, akafa, akabaki huko huko ardhini. Na kwa vile nyumba yao iliungua wakati wa vita, hawakubaki na picha wala cheti.

“Ni mukono ya baba,” akasema.

Akakaa chini na daftari magotini. Chai ilichelewa sana siku ile, maana kila mtu alikuwa na jina la kutafuta, na moto tuliuwasha kwa kiti kile nilichopandia. Malle zimerudi mahali pake; mjane amekwisha sema hazitoki tena.

Tunawasifu wanaoruka angani kwa kelele, na yule aliyekaa kwenye meza akiuliza “jina lako nani, unabeba nini?” tunamwona ni mtu wa kutuchelewesha. Nami nilikuwa wa kwanza kumwona hivyo.

Kabla sijaondoka niliiona bidoni yangu rafuni, imejaa bado, na namba yake: “Petroli, lita tano. Imeletwa na raia kwa ajili ya mashine ya kuandika.” Nikamwuliza mjane kwa nini mzee hakunikatalia siku ile.

“Alisema umeibeba toka mbali, akaona haya kukurudisha nayo,” akajibu. “Lakini muzee hakuendesha ndege hata siku moja. Alikuwa anaandika ni nani amepanda.”