Chai ya Saa Nne Juu ya Rola

Bosi wangu aliniambia waziwazi: hii corner ikibonyea tena, unarudi ofisini kupanga mafaili, na barabara utaionea dirishani. Jameni! Mimi, msimamizi wa barabara, nipange mafaili? Ningeshika kutu.

Corner yenyewe ni ile ya Dagoretti, pale Ngong Road. Kila mvua ikiisha, lami ilikuwa imejikunja mikunjo pale mabasi yanapofunga breki na kukata kona. Safari hii niliagiza lami ngumu zaidi, mitaro ikazibuliwa kwanza, na nikaapa itashindiliwa ingali moto. Mafundi wangu wana neno lao: lami iliyoshindiliwa sawasawa "imelala." Ikipoa kabla ya rola kuikanyaga, hailali ng'o.

Basi Jumapili asubuhi lori likamwaga lami, mafundi wakatandaza, mvuke unapaa, na hapo hapo saa nne ikafika. Chai! Dereva wa rola akazima injini, akaketi kando na thamosi na mandazi yake.

"Madam, hata serikali hunywa chai saa nne."

"Lami hainywi!" nikafoka. Nilikuwa nimewaka. Nikamnyang'anya thamosi na mandazi, nikapanda rola navyo. "Chai iko huku juu. Ifuate!"

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akapanda. Tukaenda mbele, tukarudi nyuma, yeye akiendesha, mimi nikimnywesha. Makanga wa mabasi ng'ambo ya barabara wakapiga mbinja: "Madam, harusi ni lini?" Nikawapungia mandazi. Raha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kipumbavu, siwafichi.

"Imelala?" nikamuuliza.

"Bado inapiga miayo." Tukarudia.

Mvua ya masika ikaja, ikamwaga kama iliyokasirishwa na mimi. Ilipoisha, bosi akaja na rula yake ndefu ya chuma, akailaza pale pale mabasi yanapofunga breki. Akapiga magoti, akajaribu kupenyeza kijiti cha kiberiti chini yake. Lami ikiwa imebonyea, kijiti kitapita. Roho yangu ilikuwa mkononi. Akajaribu upande wa kulia, akajaribu wa kushoto. Kijiti hakikupita; kikavunjika.

"Imelala," nikasema.

"Fofofo," akajibu, akijipangusa magoti. "Jumapili unaanza ile corner ya Kenyatta Market. Na mandazi ubebe ya kutosha, habari zako nimezisikia."

Nikapiga kigelegele katikati ya barabara. Basi likanipigia honi, likafunga breki kwa nguvu, na lami yangu wala haikugeuka upande.