Kioo cha Upande wa Kaluki

Asubuhi ile Kaluki alikoroga uji wa wimbi, akamimina nusu kwenye thamosi, akasema uji wa leo una moshi. Nzuki, mume wake, alisema yeye hausikii. Kaluki akamwambia pua yake ilikufa zamani, tangu alipoanza kuvuta petroli kwa mpira. Wakacheka. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na nne, baridi ya Kathonzweni inakata masikio, na magunia ya ndengu yalikuwa yamekwisha kupakiwa kwenye pikapu.

Hakukuwa na dalili yoyote. Kaluki aliingia upande wake wa kushoto, akafunga mlango, akaweka kidole kwenye swichi. Kioo kikashuka kwa mlio wa nyuki ndani ya mzinga. Akakisimamisha kikiwa kimeacha mwanya wa ngumi moja. Siku zote ilikuwa ngumi moja. Ukizidisha, alisema, vumbi linaingia. Ukipunguza, husikii anayekuita.

Swichi hiyo Nzuki aliitafuta kwa ajili yake.

Kaluki alizaliwa Matinyani, akaolewa Kathonzweni mwaka wa hamsini na tisa. Alisuka vyondo tangu usichana, akisokota nyuzi za mkonge juu ya paja mpaka ngozi ya hapo ikawa ngumu kama kisigino. Vyondo na ndengu ndivyo vilivyowanunulia pikapu, nyeupe, iliyokwisha kutumika, mwaka wa sabini na sita. Yeye alijua masoko. Nzuki alijua usukani. Hakuna aliyewahi kumwona Kaluki akikimbia. Aliwaambia wanawake wa kanisani kwamba gari lina pumzi kuliko yeye, na hata gari husimama likanywa maji.

Halafu vidole vikaanza kujikunja. Kufika mwaka wa tisini hakuweza tena kuuzungusha mkono wa kioo. Nzuki akishuka Emali kutafuta wanunuzi, Kaluki alibaki ndani ya pikapu kama kiazi kilichofukiwa kwenye majivu. Hakulalamika. Nzuki ndiye aliyeona jasho.

Kang'ethe, fundi wa umeme wa magari, alikuwa na kibanda nyuma ya stesheni ya Emali. Aliposikia mzee anataka vioo vya umeme, alizunguka pikapu mara mbili.

"Mzee, hii gari ni ya ndengu ama ni ya waziri?"

"Ni ya Mama Mutunga," Nzuki akasema, akimwonyesha Kaluki.

Mota za vioo Kang'ethe alizitoa kwenye gari dogo lililobingirika barabara ya Mombasa. Kaluki aliuliza ni nani aliyekuwa ameketi upande wa kushoto wa gari hilo. Kang'ethe alisema yeye hununua milango, hanunui habari. Kaluki akaweka kiganja juu ya mlango ule uliovunjika, halafu akamwambia fundi aendelee.

Nzuki alitaka jambo moja: kioo kishuke hata ufunguo ukiwa mfukoni mwake, ili Kaluki asichomeke akimngoja. Kang'ethe akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Akaongeza na loki za umeme. Dereva akikandamiza kile kijiti kilichotokeza juu ya mlango wake, milango yote miwili inajifunga. Tak.

Basi siku ile ya Agosti waliuza, wakageuza gari kurudi nyumbani. Njiani lori liliwapita na vumbi, Kaluki akapandisha kioo mpaka juu. Saa sita mchana Kaluki alisema kifua chake ni kama kimewekewa gunia. Nzuki aliendesha mpaka zahanati ya kwanza aliyoiona, akazima injini, akaruka chini, akakimbia kumwita nesi.

Waliporudi, milango yote miwili ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa unaning'inia ndani.

Kwa miaka kumi na minane mkono wa Nzuki ulikuwa na mazoea yake. Ukishuka Emali, unakandamiza kijiti, unainua kitasa, unabamiza mlango ujifunge bila ufunguo, kwa sababu pale wezi hawakosekani. Mkono hauulizi kama hapa ni sokoni au ni zahanati. Lakini Nzuki hakukumbuka kukandamiza. Hakukumbuka chochote isipokuwa miguu yake.

Kaluki alikuwa ameegemea mlango, macho wazi, vidole vyake vilivyopinda vimeshindwa kuinua kijiti. Nzuki alikuwa ameinama kuokota jiwe aliposikia mlio wa nyuki. Kioo kilishuka ngumi moja, kikasimama. Kaluki akamwambia neno kupitia pale, neno la Nzuki peke yake. Nzuki akapitisha mkono, akafungua.

Kaluki alikufa kabla nesi hajamaliza kumfunga ule mkanda wa kupimia presha. Nesi alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Nzuki aliyasikia kama maneno ya kumhurumia mzee. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: kama ni mkono wake uliomfungia mke wake ndani, akakosa hewa. Neno la Kaluki lilimwambia siyo. Alijifunika neno hilo kama blanketi.

Wiki moja baada ya mazishi, pikapu imeegeshwa karibu na ghala, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, Nzuki alisikia nyuki. Jua lilikuwa utosini. Kioo cha kushoto kilikuwa kimeshuka ngumi moja. Akakipandisha. Kesho yake, saa ile ile, kikashuka. Siku ya nne, tak, kijiti cha loki kikainuka chenyewe, na hakuna mtu ndani. Kuku waliokuwa wakijifukia vumbi chini ya pikapu walihama. Mutunga, mwanawe, alikuja kutoka Nairobi, akasimama pale saa sita, akaona. Jioni alimwambia baba auze hiyo gari. Nzuki alisema mama yake hajamaliza safari nayo.

Lakini Jumanne alikwenda Emali.

Kang'ethe alimpa pole, akaufungua mlango. Ndani ya swichi vumbi jekundu lilikuwa limejaa kama unga, na pale mlango unapokunjika waya ulikuwa umechubuka.

"Ni waya, mzee. Inajigusa. Hakuna kitu ingine."

Nzuki akamwuliza kile kilichomtoa nyumbani. Mtu aliyeketi kushoto akikandamiza kijiti chake, je, mlango wa dereva unajifunga?

Kang'ethe alikandamiza. Mlango wa kushoto ukajifunga. Wa kulia ukabaki wazi. Akarudia, akarudia tena.

"Wa abiria unajifunga peke yake. Wa dereva ndio mkubwa. Hivyo ndivyo niliunganisha. Kwani kulikuwa na shida?"

Nzuki alisema hapakuwa na shida. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama juu na chini kama kitu alichokiokota njiani. Kang'ethe alifunga waya kwa tepu, akakipandisha kioo mpaka juu, akaing'oa fyuzi ya vioo na loki, akamwekea mzee kwenye kiganja. Alisema sasa hata shetani hawezi kukishusha.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Nzuki alikaa karibu na ghala na fyuzi kwenye mfuko wa shati. Hapakuwa na nyuki. Alingoja, halafu akaenda, akaingia upande wa kushoto, akaketi mahali pa Kaluki, akafunga mlango.

Mwanya ulikuwapo.

Akapeleka ngumi yake. Ikaenea sawasawa. Nje hapakuwa na upepo, wala kuku, wala mtu. Akatega sikio pale, jinsi Kaluki alivyokuwa akifanya. Siku ile, kupitia mwanya huo, Kaluki alikuwa amemwona na jiwe mkononi, akasema polepole, kama mtu ambaye hana haraka yoyote:

"Usikimbie, Baba Mutunga. Hii mlango nimefunga mimi."