Hema lililotunyeshea bila mvua: nilivyolichagua mwenyewe, la kulala na mjukuu

Wakuu, ni mwaka ule senene walianguka mpaka kuku wakawa wanawapita bila kuwadonoa. Tulikula wa kukaanga, tukala wa kukausha, mgeni akija anapewa senene kabla hajapewa kiti. Mwaka nimeshauweka hapo, mtu asiniulize tarehe.

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mimi ni bibi wa Nyaishozi, Karagwe. Shule niliishia la nne, naandika kwa kidole kimoja. Haya yote yamenipata mimi, na mkwe wangu yumo humu jukwaani, nikiongeza chumvi atanianika.

Mwanangu, Baba Kemi, ni fundi umeme Mwanza. Alikuja likizo na mkewe na binti yao Kemi, miaka minne. Huyo Kemi ana akili kuliko watoto wote wa kata hii. Wenye wajukuu wengine wanivumilie.

Akasema anataka kutupeleka kempingi mbugani Kyerwa, tulale kwenye hema, mtoto aone wanyama. Nikamwambia, nyumba ya bati ninayo, wewe unataka tukalale kwenye nguo?

Kemi akasema bila Bibi haendi.

Basi nikawa mtu wa kempingi.

Sasa kulikuwa na jambo. Kemi alikuwa na wiki tatu tu tangu aache kukojoa kitandani, na alikuwa anajitangaza. Hata katekista alishaambiwa. Mama yake akaweka sharti: "Tulale kwanza hapa uwanjani siku moja. Kemi akiamka mkavu, Ijumaa tunakwenda. Akilowa, na hicho kifua chake, tunarudi Mwanza."

Kemi akajibu, "Nitaamka mkavu."

Siku ya gulio tukaenda Nkwenda. Kuna bwana mmoja mnene anauza mahema ya mtumba. Akatutolea la bluu, la mviringo, zuri kama yai. Mwanangu akasoma maandishi: watu wanne.

Nikauliza, wanne wa wapi?

Nikawaambia tulale. Pale pale sokoni. Mwanangu, mkewe, Kemi na mimi. Tukapangana kama mikungu kwenye pikapu, na miguu yangu ikabaki nje. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuku akauliza nani kafariki.

Muuzaji akaniambia, "Maawe waitu, mama yetu, kunja miguu kidogo."

Nikamjibu, "Nikikunja mpaka asubuhi, utakuja wewe kunikunjua?"

Wakuu, hapo muelewe kitu. Hema wakisema la wanne, wamehesabu watu wasio na mtoto, wasio na ndoo ya mtoto wala bibi. Nyinyi mkiwa wanne, chukueni la sita.

Akatoa jingine, la kijani. Refu, mtu anasimama wima akamvalisha mtoto nguo. Milango miwili. Sakafu imeshonwa pamoja na kuta, imepanda juu kidogo kama karai, maji ya chini hayaingii. Huko juu lilikuwa na madirisha ya wavu.

Zipu nikampa Kemi. Akafungua, akafunga, akafungua tena kutokea ndani. Nikasema hilo ni muhimu, mtoto asiyeweza kufungua mlango ni mfungwa.

"Linavuja?"

"Haliwezi kuvuja, Maawe."

"Ingia."

Akaingia. Nikaazima dumu la maji kwa mama wa chapati, mwanangu akanyanyua, tukamwaga lote juu. Soko likasimama. Bwana akatoka mkavu, kifua mbele, anatabasamu.

Ila viatu vyake alikuwa ameviacha mlangoni. Vilijaa.

Tukalichukua.

Nyumbani tukalisimamisha uwanjani ninapoanika kahawa. Nikatandaza majani makavu ya migomba chini, juu godoro. Pakapendeza.

Jioni baridi ya huku ikaanza. Wa Dar hamuijui. Mkwe akaingia kuoga, mwanangu akaenda kununua mafuta ya taa, mimi nikabaki nalitazama lile hema. Huko juu wavu mtupu. Nikasema, na hili dirisha lisilo na ubao ndilo litakalomuua mtoto wa watu kwa kifua.

Nikaleta sweta kuukuu, nikaleta kanga, nikaziba kila tundu kwa ndani. Halafu nikachukua turubai langu la kahawa, nikafunika hema zima, nikalibana kwa mawe pande zote, nikaacha pa kuingilia mlangoni tu. Kila jioni huwa nafunika kahawa hivyo hivyo, tangu nimeolewa.

Walipoingia kulala wakasema, "Mama, kuna joto." Nikafurahi.

Alfajiri tone likaniangukia puani.

Nikapapasa blanketi, bichi. Godoro, bichi. Mkwe naye kaamka, kapapasa upande wa mtoto, akaita jina moja tu, "Kemi."

Mtoto akakaa. Akajipapasa. Akasema, "Mimi sijakojoa. Nyumba ndiyo imekojoa."

Na mimi, wakuu, mimi bibi yake, nikasema, "Kubali tu mama, kukojoa si dhambi."

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu, hata marehemu mume wangu hakuthubutu. Akaanza kulia kimya kimya, na mama yake tayari anakusanya nguo za safari ya Mwanza.

Mwanangu akawasha tochi ya simu, akamulika juu. Dari lote lilikuwa limejaa matone, yamejipanga kama punje za mtama. Moja likamwangukia mkwe kwenye paji la uso.

Mvua haikuwa imenyesha hata kidogo.

Hapo ndipo nilipojijua. Kahawa ikifunikwa bado ina unyevu, asubuhi ukiinua turubai unakuta upande wa ndani unatiririka. Ni jasho la kahawa. Ukichelewa kufunua inaota ukungu. Miaka yote nimegombeza vibarua kwa kosa hilo, halafu nimemfunika mjukuu wangu kama kahawa. Watu wanne tumepumua mpaka asubuhi, pumzi ikakosa pa kutokea, ikaturudia.

Ningeweza kunyamaza. Mtoto angebeba lawama, nami ningebaki na heshima yangu.

Nikasema, "Mkwe, weka nguo chini. Matundu niliyaziba mimi. Mtoto hajakojoa."

Halafu nikamwomba Kemi msamaha, mbele ya mama yake. Mdomo wangu haujazoea hayo, ulikuwa mzito kama nina kiazi cha moto. Kemi akafuta kamasi, akasema, "Sawa Bibi. Lakini mwambie na katekista."

Nilimwambia.

Siku hiyo tukaanika kila kitu, tukalala tena, wavu wazi, turubai limerudi kwenye kahawa. Asubuhi mtoto mkavu kama kuni.

Ijumaa tukaenda Kyerwa. Kemi aliona swala, akawaeleza habari zake zote.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza: hema lizidi idadi yenu, sakafu iwe kama karai, zipu mtoto aiweze, na hewa iwe na njia ya kutokea. Na mtoto akisema si yeye, angalia juu kwanza.

Waliolala na watoto kwenye hema waje waseme walitumia la aina gani, na baridi waliifanyaje. Nawasoma wote. Ila najua atatokea wa kunishauri nizibe yale madirisha. Hata mkwe, kule Kyerwa, baridi ilipombana aliniomba, "Mama, ziba kidogo tu." Nikamjibu: "Sizibi. Heri mtoto avae sweta mbili kuliko aloweshwe na pumzi yake."

Akaniomba tena, meno yanagongana.

"Sizibi. Heri mtoto avae sweta mbili kuliko aloweshwe na pumzi yake."