Saa Tisa za Kule

Mtaa mzima ulimwita Bwana Dakika, na jina lilimkaa. Kibanda chake cha kutengeneza saa kilibanana na cha kinyozi, na ukutani zilikuwapo saa mbili za heshima: moja ya mji wake, ya pili ya mji mdogo wa mbali alikofanya kazi bintiye, ulio mbele kwa saa sita. Wateja walimkoma. Umekuja kubadilisha betri tu, lakini lazima kwanza uambiwe: "Sisi hapa ndiyo kwanza tunafagia barabara, wenzetu wanakula cha mchana. Watoto wetu wakiingia darasani, wao wanarudi nyumbani." Mji wenyewe hajawahi kuukanyaga.

Asubuhi hiyo hakukalika. Jana yake jioni binti alimtumia sauti kwenye simu: "Baba, kesho nasaini mkataba mwingine, miaka mitano, na ukishasainiwa hauvunjwi. Ukisema nirudi, narudi. Nipigie saa tisa za huku, kabla sijaingia ofisini kusaini."

Miaka sita mzee alikuwa akilimeza hilo neno "rudi". Sasa binti mwenyewe kampa ruhusa. Alimtaka arudi, tena alimtaka mno.

"Si umpigie sasa hivi?" mkewe alisema usiku ule.

"Kule saa hizi kalala. Kasema saa tisa, ni saa tisa."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mume wangu."

"Na haraka haraka haina baraka."

Akapiga hesabu: saa tisa alasiri ya kule ni saa tatu asubuhi ya hapa. Angekosea vipi, mtu aliyeishi kwa hesabu hiyo?

Saa moja alishafungua kibanda. Bisibisi ilimponyoka mara mbili. Saa ya mwalimu mmoja aliifunga, akakuta skrubu moja imebaki mezani, akaifungua tena huku akisonya. "Leo umekalia siafu?" kinyozi alimtania. Mkewe alikuja akaketi mlangoni, mkoba mapajani, naye ana lake la kumwambia binti.

Saa tatu kamili alipiga.

"Baba! Nilikusubiri wee, mpaka wakaniita. Nikasema basi, baba hataki nirudi, anaona haya tu kunitamkia. Nimesaini."

"Umesaini? Si ndiyo saa tisa hii!"

"Hii ni saa tatu, baba. Saa tisa ni asubuhi, tunapoingia kazini."

Aliitazama saa ya kule. Mshale mfupi ulikuwa juu ya tatu, na nyumbani kwao, tangu binti anajifunza kusoma saa, mshale ukiwa hapo watu husema saa tisa. Sasa mwanawe alihesabu kama watu wa kule, na saa tisa yake ilipita huku mtaa mzima umelala. Hilo lilimchoma kuliko mkataba wenyewe.

"Jamani, nimekuchanganya," binti alisema, sauti ikishuka. "Nimeshazoea ya huku. Ulitaka kuniambia nini, baba?"

Akimwambia ukweli, mtoto atakaa na mwiba huo miaka mitano, peke yake.

"Nilitaka kukwambia usaini, mwanangu."

"Kweli, baba?"

"Kweli kabisa. Kazi njema."

Mkewe alikuwa ameshanyoosha mkono apokee simu. Aliurudisha mapajani.