Mdomo wa Mama unasema kumi, mkono wake unatoa tatu

Wakuu, nawasalimu kutoka Mbarara, Uganda.

Ninachowaletea leo nimekiona kwa macho yangu, shambani kwa mama yangu. Sijakitia chumvi. Ni kisa cha namba, lakini msikimbie. Hata kama hesabu ilikutesa shuleni, tutakwenda polepole na utaelewa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule ya msingi, huku Nyamitanga. Sisi ni Wakongo wa Kivu ya Kusini. Mama anaishi Juru, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, jirani na dada yangu mkubwa, Furaha. Ana kipande chake cha shamba, maharage na mahindi.

Mwaka jana Mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, kisha ukarudi taratibu. Maneno nayo yakarudi.

Namba tu ndizo zilikataa.

Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anajibu kumi. Wako wanne. Vijiko vya sukari? Kumi. Watoto wa jirani wakaanza kumwita Bibi Kumi. Alicheka nao, ila wakishaondoka nilimwona akifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Mvua za kupanda zilipokaribia, Furaha akanipigia simu.

"Mama anasema atatia mbegu kumi mu kila shimo. Atamaliza mbegu yote! Mi naona shamba tumupe jirani, na weye umubebe Mama ku Mbarara."

Mama alikuwa karibu na simu, nikamsikia vizuri sana.

"Ku Mbarara nitalima wapi? Mu sima?" Sima kwetu ni saruji, si ugali.

Wakuu, hapa niwarudishe nyuma kidogo, mjue kwa nini simu ile iliniuma.

Utotoni, kule milimani kwetu, Mama alitufundisha kuzidisha kwa jembe. Anachimba shimo, anaita, "Trois fois quatre!" yaani tatu mara nne. Sisi tunadondosha mbegu na kujibu, "Douze!", kumi na mbili. Ilikuwa Kifaransa kwa sababu ndicho alichosomea. Jembe linapiga, sisi tunaitikia kama kwaya, mpaka mwisho wa tuta. Nikikosea, anarudia swali bila kugombeza, na jembe linangoja hewani.

Nafundisha kwa Kiingereza miaka mingi sasa. Lakini nikizidisha kimoyomoyo, natumia Kifaransa, na harufu ya udongo uliolowa inanijia. Jaribu kunieleza hiyo nayo.

Basi nikamleta Mama hapa Mbarara kwa daktari mmoja, dada wa Kinyankore mwenye subira. Alipanga vizibo vitatu vya soda mezani.

"Mama, hii ni ngapi?"

"Kumi."

"Sawa. Sasa toa ingine kwa mkebe, ikuwe kama hii."

Mama akatoa vitatu. Hakusita hata kidogo.

Daktari akamwaga mafungu mawili makubwa, akauliza lipi lina vingi. Mama akaonyesha, na alikuwa sahihi.

Mimi, sijui kitu gani kilinituma, nikaropoka, "Trois fois quatre?"

"Douze!" Mama alijibu kabla sijafunga mdomo.

Daktari akapanga vizibo kumi na viwili. Hivi ni vingapi? "Kumi." Tukacheka wote, Mama akiwa wa kwanza.

"Mwalimu, wacha kuogopa," daktari akaniambia. "Mama anajua. Njia ya kuleta jina ya namba kwa mdomo ndiyo imeharibika."

Tujaribu pamoja hapo ulipo. Ukiwekewa maandazi matatu kwenye sahani, huhesabu. Unaona tu kuwa ni matatu. Ukionyeshwa rundo la viazi, unakadiria. Ukiulizwa saba mara nane, mara nyingi hukokotoi chochote: unakumbuka jibu, kama mstari wa wimbo. Hizo ni kazi tofauti, na ubongo hauzifanyi zote kwa njia moja. Ndiyo maana moja inaweza kuumia na nyingine zikabaki nzima.

Je, ubongo unakokotoa kweli? Nilimuuliza daktari. Akasema wataalamu wenyewe bado wanabishana. Mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba kichwa ni kalkuleta. Siku hizi nawaambia ni kama familia kubwa: mmoja akiugua, wengine bado wanapika.

Nikampigia Furaha kumweleza. Akanijibu, "Vizibo si maharage."

Alikuwa na haki. Mbegu ikiisha, msimu umeisha.

Kwa hiyo tukaenda shambani wote watatu. Mimi nachimba, Mama anadondosha, Furaha anafuata nyuma, na kila shimo anainama kuangalia kabla ya kulifukia.

"Kumi," Mama anasema, na mkono unatoa tatu, kama inavyotakiwa.

"Kumi." Tatu.

"Kumi." Tatu tena.

Tulipofika katikati ya tuta Mama akageuka.

"Furaha, unatafuta zahabu mu mashimo yangu?"

Furaha alikaa chini palepale, udongo mikononi, akicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akasimama, akaanza kufukia mashimo kwa mguu bila kuyaangalia. Habari za kumpa jirani shamba hakuzitaja tena, na mpaka leo Mama analima mwenyewe.

Jioni nilijiandaa kurudi kazini. Mama akanishika mkono.

"Baki kwanza siku kumi."

Vidole alivyoinua vilikuwa viwili. Nikapiga simu shuleni, nikaomba siku mbili.

Nilichojifunza, wakuu: mgonjwa wako akikosa jibu, usikimbilie kusema kichwa kimekwisha. Muulize kwa njia nyingine. Mpe vitu ashike. Mpe lugha ya utotoni mwake. Mpeleke kwenye kazi anayoijua, halafu utazame mikono yake. Na kwa daktari mpeleke mapema, usisubiri.

Sasa nanyi semeni, hasa mliosoma kwa lugha mbili au tatu. Ukikokotoa kimoyomoyo, namba zinakujia kwa lugha gani? Na sauti unayoisikia ni ya nani?