Ukungu Mgongoni kwa Hamudi

Bimdogo, Mama Yasinta kwa majirani, alikuwa na picha moja tu ya marehemu mumewe, ile ya kitambulisho cha kura, na humo Hamudi anatazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Ndiyo maana siku filamu ilipoletwa Newala alivaa kanga mpya akawahi ukumbini kuliko hata wenye spika.

Filamu aliipiga Loyce, dada wa Dar anayetaka maisha yaonekane kama yalivyo, bila waigizaji wala poda. Alishinda uani kwa Bimdogo akichukua kila kitu: Bimdogo akibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, Bimdogo akigombana na jiko, Bimdogo akimwogesha Hamudi, ambaye maradhi yalishamla akabaki fremu. Hamudi mwenyewe aliulizwa kama apigwe picha kifua wazi. Akasema, "Piga tu. Hii mifupa nimeilisha mimi." Masika hayajaisha, akafariki.

Ukumbini, sehemu ya kuogeshwa Hamudi ikafika. Maji yakasikika. Mikono ya Bimdogo ikaonekana vizuri mpaka weusi wa kucha, lakini palipotakiwa kuwa na mgongo wa Hamudi palikuwa na wingu, kama ukungu unaopanda asubuhi kutoka bonde la Ruvuma. Mwanamke mzima anasugua ukungu kwa sabuni.

"Kumbe Mama Yasinta alikuwa anaosha mawingu," akanong'ona Kurwa wa mashine ya kusaga, na benchi zima likaziba midomo. Bimdogo hakucheka. Alisogea mpaka mbele, akapinda shingo, kama vile ukitazama kwa pembeni utapata upenyo.

Asubuhi Loyce akaja kusalimia.

"Shikamoo, Mama Yasinta."

"Marahaba. Mume wangu umemweka wapi?"

Loyce akaeleza kwa adabu. Kule Dar walibishana sana. Mgonjwa wa namna ile akikubali, amekubali kweli au amechoka kukataa? Na sasa hayupo, hawezi kubadili mawazo. Mwili wake si wa kuanikwa mbele ya wageni.

"Alikubali mbele yangu, nikisikia."

"Alikuwa dhaifu, mama."

"Mwili ndio ulikuwa dhaifu. Mdomo ule ulinitania mpaka siku ya mwisho."

"Tuliogopa watu wataona mifupa tu."

"Hapa waliiona wote. Walileta sukari nusu kilo, wakatazama kilo mbili."

Loyce akacheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Bimdogo akashusha sauti.

"Mwanangu, sisemi wamwone wote. Nataka nimwone mimi, anajitikisa. Kwenye kitambulisho hajitikisi."

Loyce akafungua kompyuta juu ya kigoda. Picha yenyewe ilikuwamo, haijatiwa ukungu. Hamudi akatokea, mbavu nje, maji yakimtiririka, akageuza shingo: "Taratibu, mke wangu, unasugua sufuria?"

Bimdogo akacheka kama msichana. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Safari hii hakucheka; alikuwa anatafuta kitu.

"Hakuna ya kabla ya hapo? Alipokuwa kuli wa ghala la korosho kule Masasi. Mimi natoka zangu Chiwata na debe kichwani, namwona huyo anapita na gunia begani, anapiga mluzi. Shingo ilikuwa hivi." Akapima kwa mikono miwili, akaiacha hewani.

"Hiyo hatuna, mama. Tulimkuta anaumwa."

"Na mbona hamkuja wakati ule?"

Loyce alijua kwa nini. Kuli mzima anayepiga mluzi hajawahi kutoa gari Dar likaja mpaka huku na kamera. Mtu lazima kwanza apungue. Hakulisema hilo; alijifanya anasafisha kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio.

Bimdogo akaishusha mikono.

"Basi ule ukungu uacheni. Asiyemjua akiutazama, pengine atadhani mle ndani mna mtu mwenye mwili."

"Ndivyo unavyotaka kweli, mama?"

"Kwa wageni, ndivyo."

Loyce akanyoosha mkono kufunga kompyuta.

"Iache kwanza," Bimdogo akasema, akivuta kigoda karibu. "Bado sijamfuta maji."