Meli ya Rangi ya Viatu

Nikifungua mkebe wa rangi ya viatu, hasira hunipanda hadi leo. Baba alikuwa mchongaji hapa Mukuyuni, na kila Jumamosi aliwafundisha wavulana wa majirani kuunda meli ndogo za mbao, mfano wa zile za kale za matanga. Mimi, bintiye, nilipiga msasa na kupaka rangi ya viatu ili mbao zing'ae kama mpingo.

Nikachonga yangu kwa siri. Baba alipoiona, akaisifu mbele ya wote.

"Ni yangu," nikasema.

Akaigeuza, na chini yake akachonga jina la kaka yangu, ambaye hata msasa hakuwahi kushika.

"Msichana hachongi, mama. Watu watasema nini?"

Bado iko sebuleni kwa Baba. Wageni wakiisifu, mimi ndiye huwaletea chai.